Resaitali ya piano ya karne ya 20: huhitaji kusoma noti, sikiliza nyundo

Swali la ndugu msomaji kwa kifupi ni hili. Amepata tiketi ya resaitali ya piano, mpiga piano mmoja tu stejini, hakuna bendi wala mwimbaji, na programu iko hivi: Debussy prelude tatu, yani vipande vifupi vya piano (Voiles, Des pas sur la neige, La cathédrale engloutie), Janáček ile sonata (kazi moja yenye sehemu kadhaa) inayoitwa 1.X.1905, Schoenberg vipande sita vidogo opus 19 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), mapumziko, alafu Bartók seti ya Out of Doors, na mwisho Prokofiev sonata namba 7. Anasema hajasoma muziki popote, Chopin anampenda, ila alimtafuta huyo Schoenberg mtandaoni akasikiliza dakika mbili akaona kama mtoto amepandishwa kwenye kiti anabonyezabonyeza. Anauliza asikilizeje asije akasinzia, na makofi apige lini maana anaogopa kupiga peke yake ukumbi mzima ukamgeukia.

Haya ndugu yangu, kwanza hiyo programu ni nzuri na aliyeipanga anajua anachofanya, yani amechukua kipande cha historia kuanzia 1905 mpaka 1942, miaka 37 tu, ila ndani ya hiyo miaka 37 piano iligeuzwa juu chini kuliko miaka mia iliyotangulia. Na hilo la Schoenberg wala usione aibu, tarehe 31 Machi 1913 kule Vienna kuna konseti aliiongoza yeye mwenyewe, ina kazi zake na za wanafunzi wake, watu wakazomeana mpaka wakashikana, polisi wakaitwa na konseti ikavunjika kabla haijaisha. Hao ni watu wa Vienna ambao muziki ulikuwa ndo chakula chao cha kila siku. Kwahiyo wewe kuzima simu baada ya dakika mbili ni ustaarabu mkubwa tu.

Shida yako mi naiona iko hapa. Umezoea Chopin, na Chopin anakupa wimbo juu, mkono wa kulia unaimba na mkono wa kushoto unamsindikiza, kwahiyo sikio lako limezoea kukaa kwenye wimbo na kungoja urudi nyumbani, ile noti ambayo ukiisikia unajua sasa tumefika. Ukienda kwa Schoenberg na sikio hilohilo unatafuta wimbo hupati, unatafuta nyumbani hupati, unahisi umedanganywa. Sasa ushauri wangu wote uko kwenye jambo moja: usiku huo acha kutafuta wimbo, sikiliza nyundo.

Nieleze. Piano ni chombo cha ajabu kidogo, ukibonyeza kitufe hugusi waya, unarusha nyundo ndogo ya mbao iliyovikwa sufu ngumu iliyoshindiliwa, nyundo inaupiga waya alafu inarudi hapohapo, na kuanzia sekunde hiyo sauti inaanza kufa. Mpiga piano hana la kufanya tena, mpiga fidla anaweza kuikuza noti ikiwa katikati, mwimbaji anaweza, mpuliza tarumbeta anaweza, wa piano hawezi, kazi yake kwenye hiyo noti imeisha, kilichobaki ni kuamua aiache iendelee kulia au aikate. Vitufe 88, nyaya zaidi ya 200, zote zimekazwa kwenye fremu ya chuma kwa nguvu ambayo ukijumlisha inafika tani 15 mpaka 20 hivi, na chini kuna pedali, ile ya kulia ukiikanyaga inainua vizuizi vyote vinavyokaa juu ya nyaya, kwahiyo ukipiga noti moja na nyingine ambazo hukuzigusa zinaanza kuitikia zenyewe. Karne ya 19 watunzi wengi walihangaika kuificha hii kasoro, wakaifanya piano ijifanye inaimba. Hawa watano wa kwako kila mmoja ana msimamo wake kuhusu nyundo. Kuna anayetaka usahau kabisa kama zipo, kuna anayetaka usikie sauti inavyokufa, na kuna ambao wanataka nyundo zikupige wewe. Ukishika hilo tu hulali.

Debussy ndo yule wa kusahau. Huyu mwaka 1889 kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia Paris, akaenda akakuta wapigaji wa gamelan kutoka Java, yani gongi na vyombo vingine vya shaba, sauti zinapandana moja juu ya nyingine na hakuna anayeharakisha kwenda popote, na hiyo kitu haikumtoka. Prelude zako tatu zinatoka kitabu cha kwanza, kina prelude 12, alikiandika 1909 na 1910. Kuna kijitabia chake nakipenda: majina ya prelude hakuyaandika juu, aliyaweka chini mwishoni, ndani ya mabano na nukta nukta mbele yake, kama vile anakwambia sikiliza kwanza, jina baadaye. Kwahiyo ukiwa ukumbini wala usisome programu kila baada ya dakika kutafuta mashua au theluji iko wapi.

Voiles sikiliza hivi. Alichukua noti sita tu zenye umbali sawasawa kati yake, hakuna hatua fupi hata moja, na hatua fupi ndo zile zinazokuambiaga nyumbani ni wapi, ukiziondoa muziki unaelea tu, hauna kushoto wala kulia. Chini kuna noti moja ya besi, ileile, inarudi na kurudi, ndo nanga pekee. Alafu karibu na mwisho, kwa vipimo sita tu (vipimo ni vile vipande vidogo vya kuhesabia mdundo), mikono inahamia kwenye vitufe vyeusi na ghafla kama upepo umevuma, sauti inafunguka, na kabla hujazoea imeisha, tumerudi kwenye kuelea. Hapo ndo patamu. Ukipata kiti upande wa kushoto wa ukumbi, ambako mikono ya mpigaji inaonekana, utayaona hayo mabadiliko kwa macho kabisa.

Des pas sur la neige ndo ile ya nyayo kwenye theluji, ni polepole mpaka inaumiza. Kuna kamdundo kamoja kadogo ka noti mbili mbili, hatua, hatua nyingine, na Debussy aliandika pale kwenye noti kwamba huo mdundo uwe na uzito wa sauti wa mandhari ya huzuni na baridi kali. Nenda umwambie mtu apige kitufe kwa uzito wa mandhari! Lakini mpigaji mzuri anaweza, na utamjua kwa sababu utasikia kama vile hicho kidundo kiko mbali nyuma na ule wimbo mfupi mfupi uko mbele, wakati ni mikono miwili ileile na piano ileile. Hii ya nyayo ndo kipimo cha mpigaji kwa jioni nzima, akiiharakisha jua usiku utakuwa mrefu.

Ya tatu ndo maarufu, kanisa kuu lililozama, inatokana na hadithi ya kale ya Bretagne huko Ufaransa kuhusu mji wa Ys uliomezwa na bahari na siku nyingine kanisa lake linaibuka asubuhi, kengele zikisikika. Pale kwenye kilele mpigaji anajaza kinanda chote, besi nzito chini kabisa na mikono yote inasogea na mafungu ya noti kama ukuta, pedali iko chini, hakuna kinachokatwa. Kuna kisa cha kifundi hapa ambacho sisi wa kazi hii bado tunabishana nacho. Debussy mwenyewe aliirekodi kwenye zile karatasi za kutobolewa za mashine ya Welte-Mignon, ile inayoifanya piano ijipige yenyewe, na kwenye hiyo rekodi anapiga sehemu kubwa ya kipande kwa kasi mara mbili ya vile noti zilizochapwa zinavyoonyesha. Hakuandika hiyo alama kwenye kitabu. Kwahiyo wapo wanaofuata karatasi na unakuta kipande kinasimama kabisa katikati, wapo wanaofuata mkono wa mwenyewe, mi niko na hawa wa pili bila kusita, ila sikiliza wako atafanyaje.

Sasa Janáček, na hapa unahitaji kujua kisa kabla hujaingia maana hichi kipande kisa chake kiko ndani ya jina. 1.X.1905 ni tarehe, 1 Oktoba 1905. Mji wa Brno wakati huo uko chini ya Austria, Wacheki wanadai chuo kikuu cha lugha yao, wakazi Wajerumani hawataki, watu wakaingia barabarani pande zote mbili, jeshi likaletwa, na kijana mmoja fundi seremala, František Pavlík, ana miaka 20, akachomwa singe akafa. Janáček alikuwa mkazi wa mji huohuo. Akaandika sonata. Zilikuwa sehemu tatu, lakini siku ya onyesho la kwanza, Januari 1906, aliichukua ile ya tatu, ambayo ilikuwa maandamano ya mazishi, akaichoma moto, hakuridhika nayo. Sehemu mbili zikapigwa. Baadaye tena akiwa Prague akazichukua na hizo mbili akazitupa mto Vltava, mwenyewe alikuja kusimulia kwamba makaratasi yalikataa kuzama, yakawa yanaelea tu juu ya maji. Ikabaki hivyo, sonata haipo duniani, mpaka 1924 mtunzi anafikisha miaka 70 ndo Ludmila Tučková, yule mpiga piano aliyeipiga mara ya kwanza, akajitokeza kusema mi nina nakala. Alikuwa ameinakili akaitunza miaka yote hiyo. Kwahiyo utakachosikia ni sehemu mbili zilizoponea kwenye mkono wa mwanamke mmoja, ya tatu haipo na haitakuwepo.

Sehemu ya kwanza inaitwa Hisia ya kitakachotokea, ya pili Kifo. Zote zimekaa kwenye vitufe vyeusi, kii (ile noti ya nyumbani na familia yake) ya mi bemoli ndogo, eneo zito ambalo hata mkono ukikaa pale unahisi tofauti. Kwenye ya kwanza kuna wimbo mpole unaanza kisha chini yake kuna kitu kinachokatiza, fupi, kali, kama mtu anayekatishwa maneno, wala hakielezei, kinakatiza tu. Kwenye Kifo angalia jinsi alivyobana: ni kamdundo kamoja kafupi, kanarudiwa, kanarudiwa tena, kana kimya baada yake kila mara, na nusu ya kwanza unaweza ukasema mbona hakiendi popote. Subiri. Kinaanza kupanda na ukifika katikati hicho kidundo kilekile kimekuwa kilio cha ukumbi mzima, alafu kinarudi chini. Hapa nyundo hazifichwi wala hazikupigi, unasikia kila moja ikianguka na sauti ikififia peke yake. Mimi ningeambiwa nichague kipande kimoja tu cha usiku huo ningechagua hiki, na nasema hivyo nikijua mashabiki wa Prokofiev watanijia juu.

Haya Schoenberg. Tuweke sawa jambo moja kwanza maana mtandaoni kila mtu analibeba: watakwambia ni ule mfumo wa noti 12, yani kuzipanga noti zote 12 kwa foleni maalum. Hapana, mfumo wa noti 12 aliuunda miaka ya mwanzo ya 1920, na seti yake ya kwanza ya piano iliyokamilika kwa mfumo huo ni opus 25. Hii opus 19 ni ya 1911, haina mfumo wowote wa hesabu, ni mtu anaandika kwa sikio na hisia tu bila kujifunga kwenye kii yoyote. Na ni vifupi mno. Vyote sita vinaisha ndani ya dakika tano au sita, wakati vitano kati yake aliviandika siku moja, 19 Februari 1911. Hebu fikiria hali ya muziki wa Ulaya wakati huo, simfoni za saa nzima na nusu, orkesta za watu mia, alafu huyu anatoa vipande vya nusu dakika, dakika moja. Alikuwa amechoka na maneno mengi, hiyo ndo tafsiri yangu.

Wewe ulisikiliza dakika mbili, maana yake ulipita vipande viwili au vitatu kabla hujajua kimoja kimeisha. Ndo maana ukaona vurugu. Usifanye hivo tena, fanya hivi: kabla ya siku yenyewe chukua namba 2 peke yake. Kuna noti mbili zinazopigwa kwa pamoja, fupi, kavu, kama mtu anagonga mlango kwa adabu, na zinarudi tena na tena katikati ya kipande, kila kitu kingine kinatokea kuzizunguka. Ukizishika hizo mbili umeshika kipande, ile nyumbani uliyokuwa unaitafuta imesogezwa tu, sio kwamba haipo.

Kisha namba 6. Hii aliiandika Juni, tarehe 17, mwezi mmoja baada ya mtunzi Gustav Mahler kufariki, Mahler aliyekuwa amemtetea sana pale Vienna, na Schoenberg alikuwa pia anachora, mazishi hayo ameyachora. Namba 6 ina vipimo 9 tu. Mkono wa kulia unaweka noti tatu kwa pamoja, juu, taratibu sana, na zikiwa bado zinalia mkono wa kushoto unaongeza tatu nyingine chini yake. Basi. Hazijibiwi, zinaachwa zinakufa, alafu zinarudiwa. Ni kengele za mbali, hilo karibu kila anayesikia analiona bila kuambiwa. Sauti iko chini mwanzo mpaka mwisho, kwenye alama za muziki herufi p ni kupiga kwa sauti ndogo, ukiweka mbili ndogo zaidi, huyu ameshuka mpaka nne, na zile noti za mwisho za besi ameandika zipigwe kama pumzi. Hapa ndo utaona kwa nini nilianza na mambo ya nyundo: mtunzi hapa hasikilizi noti ikipigwa, anasikiliza noti ikiisha. Ile sehemu ambayo Chopin anaifunika kwa noti nyingine haraka haraka usiione, Schoenberg ameifanya ndo muziki wenyewe. Kwahiyo ukiwa ukumbini sikio lako liwe pale, likiifuata sauti mpaka huwezi kuisema kama bado ipo. Ni dakika moja na kitu, sikiliza mara tatu nyumbani usiku kukiwa kimya, kwa hedifoni na sio spika ya simu, maana spika ya simu hizo besi za mwisho haizitoi kabisa. Ukitaka rekodi mtafute Maurizio Pollini, au Glenn Gould kama unapenda mtu mwenye msimamo wake.

Na kama baada ya hayo bado humpendi basi humpendi, hamna kosa, angalau sasa utakuwa unamkataa yeye na sio ule usumbufu wa kutojua kinachoendelea.

Baada ya mapumziko hali ya hewa inabadilika kabisa. Bartók, Mhungari, kuanzia 1905 na 1906 alizunguka vijijini na rafiki yake Kodály wakiwa na fonografu ya kurekodi kwenye mitungi ya nta, wakakusanya maelfu ya nyimbo za wakulima, Wahungari, Waromania, Waslovaki, na hizo nyimbo zikamuonyesha kwamba kuna skeli, yani ngazi za noti, na midundo mingine kabisa nje ya ile waliyofundishwa shuleni. Mwaka 1926 ukawa mwaka wake wa piano, sonata, konseto ya kwanza (piano pamoja na orkesta) na hii Out of Doors vyote mwaka huo. Yeye kuhusu nyundo yuko wazi, anasema piano ni chombo cha kupiga na kikapigwe. Kipande cha kwanza cha seti, cha ngoma na filimbi, utasikia besi chini kabisa noti zilizobanana zinagongwa kama ngoma kweli, sio wimbo. Vya pili na vya tatu sivisemei sana, kimoja ni cha mashua na hakitulii, kingine cha zumari, vizuri vyote ila utajipatia mwenyewe.

Cha nne ndo weka roho yote. Muziki wa usiku, alimpa mke wake Ditta. Unaanza na noti tano zilizokaa jirani kabisa, zimebanana, zinapigwa kwa kutiririshwa haraka, laini, ni giza lenyewe lile, na zinaendelea kurudi karibu muda wote kama zulia. Juu yake vinaanza kujitokeza vitu: mlio mmoja unarudiwa haraka haraka, mwingine unaruka juu na kukatika, vyura, wadudu, ndege anayeshtuka, kila kimoja kwa wakati wake bila kupangiwa foleni. Wanasema wanaojua vyura vya Hungaria humtambua chura mwenyewe. Alafu kwa mbali unaingia wimbo mtulivu, kisha wimbo wa filimbi wa mtu wa kijijini, na mwishowe vinasikika kwa pamoja bila kugombana. Hakuna hata kimoja kinachomsindikiza mwenzake, ndo tofauti kubwa na Chopin wako, hapa vitu vipo tu pamoja sehemu moja. Ukiona unafumba macho fumba, hiki ni kipande cha kufumbia macho.

Kisha utafumbuliwa kwa nguvu, cha tano ni mawindo, mkono wa kushoto unazungusha noti tano tano kwa kasi bila kupumzika, kwa mpigaji ni mateso ya kiganja, angalia bega lake la kushoto utaelewa.

Prokofiev ndo anafunga na programu nyingi zinamweka mwisho kwa sababu hakuna kinachoweza kumfuata. Sonata namba 7 ilikamilika 1942, iko katikati ya zile tatu zinazoitwa sonata za vita, ya 6, ya 7 na ya 8, na Sviatoslav Richter ndo aliyeipiga mara ya kwanza Moscow tarehe 18 Januari 1943, mapigano ya Stalingrad yakiwa bado hayajaisha. Ikapewa tuzo ya Stalin. Hili mi huwa naliona la kuchekesha kwa uchungu, maana sehemu ya kwanza wala sio ya kishujaa, ameandika isiyo na utulivu na ndivyo ilivyo, ni hasira na woga, mdundo wa kijeshi unakatika katika, kisha katikati panakuwa na wimbo mpweke sana wa polepole unaozunguka bila kujua pa kwenda. Sehemu ya pili inaanza tamu, karibu tamu kupita kiasi kama muziki wa hotelini, usiiamini, inavimba mpaka zinaanza kugonga kengele nzito, noti jirani mbili zinapishana, na ukikumbuka umeshasikia kengele kwa Debussy na kwa Schoenberg usiku huohuo basi utaona aliyepanga programu hakubahatisha.

Sehemu ya tatu ni dakika tatu na kidogo tu. Hesabu yake ni saba, mbili na tatu na mbili, moja mbili, moja mbili tatu, moja mbili, na haibadiliki mpaka mwisho, na besi ina noti zilezile chache zinazogonga. Jaribu kuihesabu kwa mguu ndani ya kiatu, taratibu jirani asisikie, ukiweza kushika ile saba utajua kwa nini inakukaba, maana mwili unangoja nane na nane haiji. Mpigaji mbaya anaikimbiza ikawa kelele tu, mzuri anaizuia, anaanza chini ya uwezo wake na anabana mpaka ukurasa wa mwisho ambapo mikono inaruka mbali mbali. Rekodi za kutafuta ni Richter mwenyewe, na ile ya Pollini ya mwanzo wa miaka ya 1970.

Makofi sasa. Debussy zile tatu zichukulie kama fungu moja, Janáček sehemu mbili ndo kazi moja, Schoenberg sita ni kazi moja, Bartók tano, Prokofiev tatu. Kwa hiyo makofi ni mara tano, na wengine wanaunganisha kazi mbili bila kusimama, ikitokea hivyo utaona hajashusha mikono. Ishara ndo hiyo, mikono. Ikiwa bado juu ya vitufe au inaning'inia hewani, au mguu bado uko kwenye pedali, muziki haujaisha hata kama husikii kitu. Akishusha mikono mapajani na bega likalegea, piga. Hatari kubwa kwako ni mwisho wa Schoenberg namba 6 na mwisho wa Kifo, hapo hata ukiwa na uhakika ngoja wengine waanze, mtu akirusha makofi juu ya zile noti za pumzi ameua kipande kizima. Kwa Prokofiev huna haja ya kungoja mtu, ukumbi utalipuka wenyewe.

Na hii adabu ya kukaa kimya wala sio amri ya mbinguni, ilikuja baadaye. Liszt, mpiga piano na mtunzi wa karne ya 19, ndo aliyeanza kutangaza maonyesho yake kwa jina la resaitali kule London 1840, na enzi zake watu walikuwa wanapiga makofi katikati, yeye mwenyewe anashuka kuongea na wageni kati ya vipande. Schoenberg akaenda upande mwingine kabisa, 1918 alianzisha Vienna chama cha kupiga muziki mpya kwa wanachama tu, makofi marufuku, kuzomea marufuku, waandishi wa magazeti hawaingii, programu hutangaziwi mapema ili usikwepe kuja, na kipande kigumu kinapigwa mara kadhaa mpaka watu wakizoee. Hilo la mwisho mi natamani lirudi.

Kuhusu kusinzia, kula kidogo kabla, na kikohozi kimalize kati ya kazi na kazi sio kati ya vipande. Kama muda wa maandalizi ni mdogo na huwezi kusikiliza vyote, sikiliza viwili tu, Schoenberg namba 6 na muziki wa usiku wa Bartók, vingine vitajieleza. Na ukisikia enko, yani kipande cha nyongeza, baada ya Prokofiev, mara nyingi mpigaji anatoa kitu kifupi cha polepole na hatatangaza jina au atatangaza kwa sauti ya chini husikii, usihangaike kuuliza jirani wakati anapiga, subiri pale mlangoni kwenye kutoka, wahudumu wengi huwa wanajua au wameibandika ukutani.